Bukoba hadi Mwanza: nimepanda basi, nimepanda ndege

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe nimempeleka mama hospitali ya Bugando, Mwanza, mara mbili kwa ajili ya goti lake. Mara ya kwanza tulikwenda na kurudi kwa basi. Mara ya pili, alipofanyiwa upasuaji, tulikwenda kwa basi tukarudi kwa ndege. Namwandikia aliyeko Bukoba na karatasi ya rufaa mkononi, hajui apande nini.

Kwenye ramani Mwanza iko hapo ng'ambo tu. Kwa anga ni kama kilomita 175, karibu zote juu ya maji. Barabara inalizunguka ziwa: Muleba, Chato, Geita, Sengerema. Ukiingia Mwanza umeshakula kilomita 400 na ushee.

Lakini zamani kilichotuchosha hakikuwa hizo kilomita, ni Busisi, ambako barabara inakatwa na mkono wa ziwa. Basi linafika unakuta foleni ya malori, abiria mnashuka, jua linawaka, watoto wanalia, na kivuko ndiyo kwanza kinaondoka upande wa pili. Saa mbili zinaweza kuishia hapo hapo. Daraja lilifunguliwa Juni 19, 2025, urefu wake kilomita 3. Tulipolikaribia nilimwamsha mama, alikuwa amesinzia tangu Geita. Akashika kiti cha mbele, akachungulia maji, akaniuliza, "Sasa kivuko tunakipandia wapi?" Sijamaliza kumweleza, tumeshavuka.

Tuliondoka Bukoba saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana tukawa Nyegezi, stendi ya mabasi ya Mwanza. Mikungu miwili ya ndizi ya wenyeji wetu ilikaa kwenye buti bila maneno. Ubaya wa basi ni goti. Siti zimebanana, na kufika Sengerema lilikuwa limevimba hadi nikamkunjia kanga chini ya paja.

Ndiyo maana baada ya upasuaji nilijikaza nikakata tiketi za ndege, ingawa nauli ilikuwa mara kadhaa ya basi. Angani ni dakika arobaini hivi, na uwanja wa Bukoba uko mjini kabisa, kando ya ziwa. Ila siku hiyo tulikaa uwanja wa Mwanza saa nne nzima. Mama alinyoosha mguu juu ya begi langu, bandeji imeanza kulegea, na hakuna mhudumu aliyekuja kutuambia lolote. Nilipofuata mwenyewe ndipo nikaambiwa Bukoba kuna mvua. Kusubiri hali ya hewa sikulalamikii hata kidogo. Sote tunaikumbuka Novemba 6, 2022, ndege ilipoangukia ziwani ikijaribu kutua Bukoba, watu 19 wakafariki. Nalalamikia ule ukimya. Mgonjwa akijua atasubiri, anatafutiwa chakula na mahali pa kulala.

Kwa hiyo kama mgonjwa ametoka kupasuliwa, au hawezi kukaa saa nane amekunja mguu, tafuta hela ya ndege, na siku hiyo usipange jambo lingine. Mwingine yeyote apande basi. Umbali ni ule ule wa zamani, ila sasa ukisema utafika mchana, unafika mchana.

Kliniki ijayo tunakwenda kwa basi. Nimeshaomba siti mbili za mbele karibu na mlango, mguu wa mama upate pa kunyooka.