Mashua ya Shimoni hadi Kisite: nyota tatu, na mbili ni za nahodha

Tulikwenda Jumamosi ya Pasaka 2024, mimi na wapwa zangu wawili waliotoka Nairobi. Jina la kampuni nalihifadhi, maana pesa yangu haikuliwa. Tulilipa shilingi elfu nne na mia tano kwa mtu mzima, watoto nusu, kiingilio cha hifadhi ya bahari ya Kisite na chakula humo humo. Tuling'oa nanga Shimoni saa tatu kasoro kama tulivyoambiwa, na hilo kwetu Pwani si dogo. Jaketi za kujiokolea zilitosha watu wote. Pomboo tuliwaona hata kabla ya kufika.

Ugomvi wangu uko kwenye picha ya tangazo: matumbawe ya njano, ya zambarau, samaki wamebanana kama abiria wa matatu. Tuliposhuka majini tulikuta mwamba mweupe. Si wote, lakini sehemu kubwa, kama mtu amepita na ndoo ya chokaa. Matumbawe mengine yaling'aa pinki na buluu, rangi za taa za harusi. Maji yenyewe yalikuwa vuguvugu, unaingia na husisimki. Watalii wakashangilia, wakapiga picha, na kijana aliyetuongoza akawaambia ile ni aina adimu, wana bahati kuiona. Bwana mmoja akasimama juu ya tumbawe kurekebisha miwani yake. Kijana akatazama tu. (Miwani yangu nayo ilivuja. Beba yako.)

Mwamba ule ulikuwa unaumwa, na aliyetuambia ni nahodha, mzee wa kisiwa cha Wasini. Ilikuwa Ramadhani, naye amefunga. Sisi tunakula kaa wa tui, wali na mwani wa kukaanga uliokamuliwa ndimu (hapo sina neno, niliongeza sahani), yeye amekaa kivulini. Mpwa wangu mdogo akamfuata.

"Babu, yale meupe yamekufa?"

"Bado, mjukuu wangu. Yana njaa."

Akamweleza kwamba tumbawe ni mnyama, na ndani ya mwili wake wanaishi vijimwani visivyoonekana kwa macho, ndivyo vinavyompa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Bahari ikipata joto kupita kiasi anavitema, unabaki unauona mfupa wake mweupe. Maji yakipoa mapema vinarudi. Yakichelewa, tumbawe hufa, likaota utando wa kijani, na samaki wanahama. Mzee aliyaona hayo 1998, baada ya mvua za El Niño, matumbawe yalipokufa kwa wingi pwani yetu yote. Mwaka 2016 tena. Sasa alikuwa anaomba kusi, upepo wa kusini, ianze mapema ikoroge maji na kuyapoza.

Mimi ni fundi wa friji. Wateja hunicheka nikiwaambia digrii moja si mchezo. Nilipofika nyumbani nikasoma: digrii moja tu juu ya joto la kawaida la kaskazi, msimu wetu wa joto, ikidumu wiki kadhaa, inatosha kuyapausha matumbawe, yaani kuyafanya meupe. Wiki mbili baada ya safari yetu wanasayansi wakatangaza kwamba matumbawe yanapauka duniani kote, mara ya nne tangu ijulikane.

Kwa hiyo kampuni haina kosa kwamba mwamba ulikuwa mweupe. Kosa ni kuuza picha ya zamani, na kumwacha kijana awadanganye watu waliolipa. Mzee angeachiwa aeleze yeye, ningelipa hata elfu tano.

Jambo jingine la nahodha: hakutupa nanga kule kwenye mwamba, isije ikavunja matumbawe. Alifunga kamba kwenye boya la hifadhi, ingawa lilikuwa mbali na wateja walinung'unika kuogelea.

Nyota ya tatu ni ya kaa. Ukipiga simu kuweka nafasi, uliza kwanza kama mzee atakuwa zamu. Wakikwambia hayupo, ahirisha.