Meza ya kuigiza mito: chembe ziko vizuri, kijitabu kimepotoka

Kama unafundisha jiografia au mambo ya sayari hii meza ichukue tu. Ni trei ndefu unayoiinamisha unavyotaka, kuna pampu ya kuzungusha maji na chembe za plastiki za rangi tofauti kulingana na ukubwa, ukifungua maji mashapo yanajipanga yenyewe, kubwa zinabaki juu, ndogo zinakimbia hadi chini na delta inajengeka hapohapo unaiona.

Nilichopenda zaidi ni hiyo plastiki. Mchanga wa kawaida ni mzito kama mara 2.65 ya maji, hizi chembe ni kama 1.5 tu, yaani maji kidogo zinaondoka. Hapo ndo unaweza kuelezea Titan, ule mwezi wa Zohali, kule baridi ni nyuzi -179 hivi, mito ni ya methani na kokoto ni barafu ngumu kama jiwe. Methani ni nyepesi kuliko maji sawa, ila barafu nayo ikiwa ndani yake haina uzito wa maana, kwa hiyo ukipiga hesabu mto wenye kina na mteremko uleule unasogeza kokoto kubwa angalau mara moja na nusu ya huku duniani. Chombo cha anga Huygens kilipotua huko Titan Januari 2005 kilizipiga picha hizo kokoto, zimeviringika kabisa.

Sasa kijitabu cha maelezo kinachokuja na meza. Eti Mirihi mvutano ni asilimia 38 ya Dunia ndo maana mito yake ilibeba mawe makubwa kirahisi. Hapana jamani! Mvutano huohuo ndo unayavuta maji yashuke, jiwe likiwa jepesi na maji nayo yanapoa nguvu, vinafutana, kokoto inayoanza kusogea inabaki ni ileile. Faida iko kwenye mchanga laini na tope, vinazama taratibu zaidi kwa hiyo vinasafiri mbali vikiwa vinaelea. Na sio kitu kidogo hiki, kokoto ambazo Curiosity, ile roboti ya magurudumu iliyoko Mirihi, ilizikuta kwenye kreta ya Gale 2012 ndo zilizotumika kukadiria kina cha mto wa kale uliopita hapo, kati ya kifundo cha mguu na nyonga, mwanafunzi akifuata kijitabu anapata jibu la ovyo.

Pampu ina kelele kiasi, trei haivuji. Nyota 4, huo ukurasa wa Mirihi uruke ueleze mwenyewe.