Nimeachana na dramu la waya wa karavani: miezi 18 na mfuko wa pauni 14

Niseme mapema: huu ni mfuko tu. Mviringo, kitambaa cheusi kigumu kama cha turubai, zipu ya kuzunguka, vishikio viwili, na matundu manne yenye pete za chuma chini yake. Nimeutumia miezi 18 kuhifadhia waya wa umeme wa karavani yetu hapa Uingereza, na nisingeuandikia hata mstari mmoja kama usingekuwa umenitoa kwenye dramu, yaani lile gurudumu lenye mkono la kuzungushia waya.

Kwa asiyeijua karavani, ni kijumba chenye magurudumu kinachokokotwa na gari. Ukifika kambini unapewa sehemu yako yenye kisanduku cha umeme juu ya kiguzo kifupi, na wewe unavuta waya wako wa rangi ya chungwa kutoka pale hadi ubavuni mwa karavani. Plagi zake ni za bluu, za ampea 16: dume linaingia kwenye kiguzo, jike kwenye karavani. Kanuni za umeme za hapa zinataka waya huo uwe wa mita 25, kuzidi au kupungua mita 2, na shaba yenye ukubwa wa milimita za mraba 2.5. Kiguzo nacho kisiwe mbali zaidi ya mita 20. Maana yake karibu kila safari kuna waya unaobaki. Siku nyingine kiguzo kiko hatua nane tu kutoka mlangoni, na ule uliobaki ndio wenye kazi.

Dramu nililinunua mwaka wa kwanza kwa sababu linapendeza. Unazungusha mkono wake, dakika moja waya wote umeingia, nadhifu kama uzi wa fundi cherehani. Ubaya wake uko hapo hapo: ukifika unavuta kiasi unachokihitaji, basi. Oktoba moja tulikuwa Pembrokeshire, Wales, mvua inapiga kwa ubavu. Nikavuta kama mita 8, dramu nikalisukuma uvunguni lisilowe, nikaingia ndani nikawasha hita ya wati 2,000. Saa nne usiku mke wangu akaniuliza, "Baba Salma, unaunguza nini?" Sikuwa naunguza kitu. Kabla sijamjibu umeme ukakatika. Nikatoka na tochi, nikaligusa dramu, nikaurudisha mkono haraka. Kilichotuokoa ni kile kidude kilichomo ndani yake kinachokata umeme joto likizidi.

Asubuhi ndipo nikasoma kibandiko chake: zaidi ya wati 3,000 waya ukiwa umekunjuliwa wote, wati 1,000 ukiwa umekunjwa. Maandishi madogo kuliko ya chupa ya dawa ya kikohozi. Kumbe hata waya wenyewe ulikuwa wa milimita za mraba 1.5, si 2.5. Hesabu yake si ngumu. Hita ya wati 2,000 kwenye volti 230 inavuta karibu ampea 8.7. Mita 25 za waya mwembamba namna ile, umeme ukienda na kurudi, zinapoteza kama wati 45 zikawa joto. Ukiutandaza kwenye nyasi hutalihisi kabisa. Ila mimi theluthi mbili ya waya nilikuwa nimeiacha duara juu ya duara, plastiki imebana plastiki, sawa na kuifunika balbu ya zamani kwa blanketi na kwenda kulala.

Basi nikanunua waya wa 2.5 na mfuko huu. Mfuko haukupi nafasi ya kuwa mvivu, kwa kuwa waya hautumiki ukiwa ndani. Unautoa wote. Unaobaki unaulaza uvunguni kwa mikunjo mipana ya nyoka, usijipande wenyewe.

Lakini mfuko bila kujua kukunja ni gunia la tambi. Mimi nilikuwa nakunja kwa kiganja na kiwiko, kama kamba ya kuanikia nguo. Kila mzunguko wa namna hiyo unauongezea waya msokoto, na msimu mmoja ukipita waya haukubali tena kulala chini, unainuka kama swila. Jirani mmoja kambini, mzee Mwingereza aliyefanya kazi ya vyombo vya sauti majukwaani, aliniangalia siku mbili, ya tatu akashindwa kuvumilia. Akanionyesha: duara la kwanza kawaida, waya unakuja juu ya kiganja. La pili unageuza kifundo cha mkono ili waya upite nyuma ya duara lililotangulia. La tatu kawaida, la nne geuza. Msokoto wa duara moja unafutwa na wa lile linalofuata. Ukija kuutumia unashika ncha, unatupa mwili wa waya mbele, nao unanyooka wenyewe. Marehemu mjomba wangu wa Pangani, aliyetufundisha kukunja kamba za mashua kuelekea kulia siku zote bila mjadala, angenicheka sana.

Kosa moja tu usifanye: ncha isipenye katikati ya maduara. Ikipenya, ukivuta unapata fundo kwa kila duara la pili. Maduara yangu yanakuwa kama 18, na siku ya kwanza nilivuna mafundo 9 mbele ya kambi nzima.

Nikimaliza kukunja nafunga kwa vipande vitatu vya velkro, kisha dume nalichomeka kwenye jike lake. Matope hayaingii kwenye pini, na duara linajishika. Kabla ya hapo ninaupitisha waya wote kwenye kitambaa huku nikikunja, kwa sababu ya umande. Kung'oa naanza na upande wa kiguzo, vyombo vyote vikiwa vimezimwa.

Kasoro za mfuko zipo. Zipu inachukia mchanga. Baada ya wikiendi moja ya ufukweni ilikwama nikailainisha kwa mshumaa. Matundu ya chini hayatoi maji yote, hivyo nikifika nyumbani nauacha wazi usiku mzima, la sivyo unanuka uvundo. Halafu kuna baridi: waya wa plastiki ukikutana na asubuhi ya Januari unakakamaa, maduara yanakuwa makubwa, na zipu haifungi hadi upige goti juu yake. Jirani ana waya mweusi wa mpira, unabaki laini hata kwenye jalidi, lakini ni mnene zaidi na kwenye mfuko wangu tuliujaribu haukuenea.

Nyota nne kati ya tano. Mwenye waya wa mpira atafute saizi kubwa zaidi, na anayeishi karibu na bahari anunue mshumaa kabisa.

Dramu halikutupwa. Ule waya wa 1.5 niliukata, na sasa Salma analitumia kukunjia uzi wa tiara.