Miezi 18 na bodaboda ya umeme: kabla ya kulipa dipoziti, hesabu vituo vya betri

Wapandaji wengi wa bodaboda Nairobi wana kovu kwenye shavu la mguu, upande wa ndani, pale ekzosi ya moto ilipogusa ngozi. Mimi ninalo, mke wangu analo. Siku ya kwanza nilipoleta pikipiki ya umeme stejini, mama ninayempeleka sokoni kila alfajiri alishuka, akainama kutazama chini ya kiti, akaniuliza, "Kijana wangu, na ile bomba ya moto iko wapi?" Nikamwambia haina. Tangu siku hiyo hapandi nyingine kama mimi nipo.

Niliichukua Juni 2023. Steji yangu iko Kawangware, na kazi yangu kubwa ni Lavington, Westlands na Kangemi, mara mojamoja mjini. Mwanzoni wenzangu waliitazama kwa mbali. Ilipofika Septemba, lita ya petroli Nairobi ikiwa shilingi 211.64, walianza kuja mmoja mmoja na maswali.

Hesabu yangu ndiyo hii. Kwa siku nazunguka kilomita 120 hivi. Pikipiki yangu ya zamani ilimaliza lita tatu kwa mzunguko huo. Hii inatumia betri mbili, kila moja nikiilipia shilingi 200 ninapobadilisha iliyoisha kwa iliyojaa kituoni. Hata petroli iliposhuka hadi kama 180 mwishoni mwa 2024, bado nilibaki na zaidi ya shilingi 100 kila jioni, na hapo sijahesabu oili. Hakuna oili ya kumwaga, hakuna plagi, kabureta wala klachi. Matairi na breki zinaisha kama kawaida, na pancha ni ileile.

Kwenye mlima haina shida ya nguvu. Ukivuta mkono inaondoka hapohapo, bila kutafuta gia, hata ukiwa na abiria na gunia la viazi. Shida ni kwamba gunia hilo linakula betri. Niliponunua niliambiwa kilomita 80 kwa betri moja. Mimi napata 60 nikiendesha kwa utaratibu, na siku ya mizigo mizito ya kupanda Kangemi nimeishia 45. Chaji ikibaki kidogo mwendo wenyewe unapungua, na mteja aliyechelewa kazini hatakuelewa.

Hapa ndipo nataka ndugu zangu mnisikilize vizuri. Pikipiki ni yangu, betri si yangu. Nimeiazima kituoni, nairudisha kituoni, na kampuni nyingine haiwezi kunipa yake kwa sababu haiingii. Ukiwa na ya petroli, ikikuzimikia porini mtu atakuletea lita moja kwenye chupa. Mimi nikiishiwa mbali na kituo, kazi yangu ya siku imeisha. Nina vituo viwili karibu na steji na kimoja Westlands, ndiyo maana nafanya biashara. Lakini mteja akisema Limuru, mbali na vituo hivyo, namkabidhi kwa mwenzangu, na inaniuma, kwa sababu safari ndefu ndizo zenye pesa. Saa kumi na moja jioni, wateja wakiwa wengi, nimewahi kukaa kwenye foleni ya betri dakika arobaini.

Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, umeme ulipotea sehemu kubwa ya nchi. Asubuhi yake kituo changu kilikuwa na betri chache zilizojaa, na saa nne hazikuwepo tena. Pale ng'ambo ya barabara wauza petroli waliwasha jenereta, wakaendelea kuuza. Niliegesha nikarudi nyumbani kwa miguu. Tangu hapo, kabla ya kulala, nabadilisha betri hata kama ya kwangu ina nusu.

Jambo la pili ni ufundi. Kontrola, kile kifaa kinachoongoza umeme wa betri kwenda kwenye mota, iliharibika mwezi wa kumi na moja tangu niinunue. Fundi wetu wa stejini, anayeweza kufungua injini ya petroli gizani, hakuwa na la kufanya. Ikabidi niipeleke kwa kampuni. Nilikaa siku tisa nikingoja spea, na malipo ya kila siku ya deni la pikipiki yaliendelea kudaiwa. Hilo si haki, na nililiandika kwenye malalamiko yangu kwao. Kabla ya kusaini mkataba, uliza nani analipa siku ambazo pikipiki iko gereji.

Kuna wanaoniambia kwamba moshi umehamishwa tu kwenda kiwanda cha umeme. Kwa Kenya hilo si kweli. Sehemu kubwa ya umeme wetu inatokana na mvuke wa ardhini kule Olkaria karibu na Naivasha, unaozalishwa tangu 1981, na maji ya mabwawa ya mto Tana, na upepo wa Loiyangalani karibu na Ziwa Turkana, ambako mitambo 365 inaweza kutoa megawati 310. Petroli yote inaletwa kwa meli. Mimi nakaa barabarani saa kumi na mbili kwa siku nyuma ya matatu na malori, na kifua changu kinajua maana ya jambo hili kuliko mtu yeyote aliye ofisini. Bado namezeshwa moshi wa wengine, lakini wangu siuongezi.

Angalizo moja: haina sauti. Watoto na wazee wanavuka bila kukusikia. Nimejifunza kupiga honi mapema na kupunguza mwendo karibu na shule.

Nikiulizwa kama nitarudi kwenye petroli, jibu ni hapana. Ila kijana anayefanya kazi Kiserian au Limuru simshauri ainunue sasa, hata kama ana pesa mkononi. Pikipiki yenyewe naipa nyota nne kati ya tano. Deni langu linaisha Machi, na mdogo wangu, anayefanya kazi Kilimani, tayari ameanza kuweka akiba ya dipoziti yake.