Taa za Krismasi Dyker Heights: kwa gari au kwa miguu?

Mtaa huu wa Brooklyn, New York, umejulikana kwa taa tangu miaka ya 1980, na kutazama ni bure. Kwa gari mnakaa kwenye joto, watoto wakisinzia nyuma. Lakini wikendi foleni ni ya kobe, na pa kuegesha hupati.

Kwa miguu baridi inang'ata masikio, ila ndipo unaona: askari wa kuchezea warefu kuliko mlango, waya zimezungushiwa hadi vijitawi. Shuka treni ya R kituo cha 86th Street, tembea kama dakika 20 hadi 11th Avenue. Mimi ni wa miguu, glavu mbilimbili. Ukiwa na bibi mwenye magoti mabovu, chukueni gari, tena Jumanne.