Semina ya uongozi wa vilabu hapa Mtwara: hela yangu haikupotea, ila zile ngazi jamani

Nimeona watu wanaulizana kwenye magrupu kama ile semina ya uongozi shirikishi kwa vilabu vya michezo, yani kuingiza wanawake na watu wenye ulemavu kwenye uongozi, ina maana au ni zilezile za kula pilau na kupiga picha na cheti. Mimi nilienda, klabu ilinilipia nusu na nusu nikatoa mwenyewe, kwahiyo nasema nilichokiona. Inafaa, ila inafaa kwa kipindi kimoja, kile cha katiba. Kwingine ni kuvumilia tu.

Waandaaji ni kampuni ya mafunzo kutoka Dar, jina siliweki mana kuna mambo ntayasema hapa chini hawatayapenda. Ada elfu thelathini kwa mtu, chai na chakula cha mchana humohumo, ukumbi maeneo ya Shangani. Washiriki wengi ni wa mpira wa miguu, akina mama wa netiboli nao walikuwepo, riadha kidogo, na wazee wawili wa bao ambao mpaka leo sijui nani aliwaalika ila walichangia kuliko wote.

Asubuhi ilikuwa mbovu. Slaidi juu ya slaidi, "umuhimu wa ujumuishi", watu wanachati. Dada mwezeshaji anaongea vizuri lakini alikuja na maneno yake tayari kutoka huko, akaanza kutuambia tatizo la jamii zetu za Kusini ni mfumo dume, sijui mila. Mama mmoja wa netiboli kutoka Newala akanyoosha mkono, akamwambia mwanangu, sisi Wamakonde ukoo tunahesabu kwa mama, Wamakua hivohivo, Wayao hivohivo, Wamwera wa Lindi hivohivo, sasa hiyo sababu kaitafute kwingine. Ukumbi mzima ulicheka. Sifa nampa mwezeshaji, hakununa, akauliza: haya bibi, kama ukoo ni wa mama, kwenye klabu huyo mama kaenda wapi? Kimya. Kwangu mimi semina ilianzia hapo.

Akagawa karatasi za manila, kila klabu iandike viongozi wake na kazi zao. Zilipobandikwa ukutani ilikuwa aibu, mwenyekiti mwanaume, katibu mwanaume, meneja mwanaume, halafu mweka hazina mwanamke, karibu karatasi zote. Na mimi ndo mweka hazina wa kwetu. Wote tunaijua sababu yake, wanasema mama hali hela ya timu. Sawa, nashukuru kuaminiwa, ila kamati ya usajili inakaa usiku kijiweni kwenye kahawa, wanakubaliana dau la mchezaji, asubuhi naletewa karatasi nisaini hela itoke. Nikiuliza naambiwa dada wewe mambo ya mpira tuachie. Yani funguo nashika mimi, mlango wanafungua wao.

Baada ya chakula ndo kikaja kipindi cha katiba. Walituambia mapema tuje na katiba za vilabu vyetu, waliokuja nazo walifaidi na waliosahau walikaa kuchungulia za jirani. Ilisomwa kipengele kwa kipengele, kila mahali mwezeshaji anauliza hiki kinamzuia nani? Ya kwetu ilikuwa na sharti mgombea uenyekiti awe amecheza mpira wa ushindani. Sikuwahi kuliona kama tatizo. Ila hapa mtaani timu ya wanawake ya ushindani ilikuwa wapi miaka hiyo? Kwahiyo sharti moja tu limeshatutoa wote bila kuandika popote kwamba wanawake hawaruhusiwi. Akatoa mfano wa Fatma Samoura, yule mama wa Senegal, 2016 alichukuliwa kutoka Umoja wa Mataifa akawa katibu mkuu wa FIFA, hakutokea kwenye mpira na alikaa mpaka 2023. Halafu akaleta wa nyumbani, Barbara Gonzalez, aliyekuwa CEO wa Simba kuanzia 2020, msimu wa 2020/21 timu ikafika robo fainali Afrika. Jamaa mmoja wa Yanga akadakia, na ubingwa wa 2022 ulienda wapi? Hapo tulipoteza kama robo saa, mnaijua nchi yenu.

Wakaongelea na idadi. Mageuzi ya FIFA ya 2016 yanataka kila shirikisho la bara lipeleke walau mwanamke mmoja kwenye baraza, yani sita kati ya watu 37. Mzee mmoja wa bao akauliza sita kwa 37 ndo nini sasa, hiyo si ya kupigia picha? Swali zuri kuliko slaidi zote. Jibu la mwezeshaji nalo nililipenda, kwamba mwanamke akiwa mmoja kwenye kamati anaitwa mwakilishi wa wanawake na anaulizwa mambo ya jezi za wasichana tu, wakiwa watatu wanne ndo wanaanza kubishana hata wao kwa wao, na hapo wanakuwa wajumbe kama wajumbe wengine. Picha ya Kirsty Coventry wa Zimbabwe, rais wa kamati ya kimataifa ya Olimpiki tangu 2025, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza, ilipita haraka mno, ningependa waeleze alifikaje pale, mana huyo aliogelea kweli na akaingia kwenye uongozi kupitia tume ya wachezaji.

Sasa lawama. Semina ya ujumuishi, ukumbi ghorofani, lifti hakuna. Kaka mmoja wa Mikindani anayetembelea magongo alipanda zile ngazi na jasho linamtoka, tena anakatalia kushikwa mkono. Na sehemu ya watu wenye ulemavu ilikuwa slaidi moja ya mwisho wakati watu wanakusanya mabegi! Yule kaka ndo aliyeifundisha kuliko mwezeshaji, alisema Tembo Warriors walipofika robo fainali ya kombe la dunia kule Uturuki 2022 kila mtu alijua tuna timu ya mpira wa watu waliokatwa viungo, ila mwulize kiongozi yeyote hapa kamati yake ina nani mwenye ulemavu. Akakumbusha na ule mkopo wa halmashauri wa asilimia kumi ya mapato yake, asilimia nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, akasema hata serikali inacheza 4-4-2, nyie mnacheza na mabeki watupu. Ningekuwa mwandaaji huyo ningemlipa.

Lingine ni risiti. Nilipewa kikaratasi cha mkono, mimi mweka hazina niende kukiweka kwenye faili la klabu? Nimefuatilia kwa simu naambiwa itatumwa. Mpaka naandika bado.

Matokeo kwetu: rasimu ya mabadiliko imeshafika mkutano mkuu. Sharti la kucheza mpira limefutwa, watu hawakubisha sana. Vikao kuhamishwa kutoka kijiweni saa mbili usiku kwenda saa kumi jioni shuleni kumepita kwa kelele. Nafasi tatu za wanawake kamati ya utendaji, wazee wamesema kwanza msimu wa korosho uishe ndo tuongee. Yakikamilika tunapeleka kwa msajili wa vilabu vya michezo kupitia afisa michezo.

Nyota nne kwa tano, ile moja imebaki kwenye ngazi. Nasikia sasa wanaenda Lindi halafu Masasi, mnaokwenda pigeni kopi ya katiba mbili, moja ya kuchorachora, msipeleke mtu mmoja, pelekeni na katibu maana yeye ndo anaandika, na risiti daini siku ileile kabla hamjatoka ukumbini. Bei nayo ulizeni vizuri, wakiwatajia elfu arobaini waambieni Mtwara tulilipa thelathini na kuku alikuwepo.