Tahadhari: anayeuza "mtiki wa mabehewa ya Mjerumani" Tanga, mimi ameshaniliza

Wakuu, habari za leo. Haya nimeyakalia wiki mbili kwa aibu. Nina miaka kumi na tisa kwenye useremala, na nimeingizwa mjini kama mtu aliyeshuka stendi jana. Ila juzi nimesikia jamaa anazunguka na mzigo uleule, safari hii anatafuta wateja Korogwe na Moshi. Basi aibu ikae pembeni.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna mzee mmoja, mstaafu wa karakana ya reli, ana bodi la behewa la abiria la mbao, la reli ya upana wa mita moja, ambalo limekaa kiwanjani kwake kama banda la kuku kwa miaka mingi. Anataka lirudi kuwa behewa. Nilipolifungua nikakuta juu pazima kabisa, ubovu wote uko chini ya madirisha, na aliyewahi kugusa behewa la mbao anajua kwa nini. Dirisha la kushuka linazama ndani ya ukuta, kwenye mfuko ulio kati ya ubao wa nje na wa ndani. Mvua inafuata kioo mpaka mfukoni, na vile vitundu vya kutolea maji vikizibwa na vumbi na majani, maji yanalala palepale juu ya boriti ya chini. Miaka inapita. Kwa nje rangi inang'aa, ukichomeka bisibisi inazama mpaka mpini.

Nilihitaji mbao 32 za pembeni, futi 8, unene inchi moja, mtiki kiini mtupu na uliokauka. Mtiki kwetu upo, shamba la Longuza liko hapo Muheza tu. Lakini mtu wa mbao 32 huwezi kwenda mnadani kushindana na watu wa makontena, na mtiki mkavu wa upana ule huukuti kila duka. Nikaanza kuulizia kwa madalali. Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwambia kila dalali kwamba ni kazi ya behewa. Baada ya siku tatu simu ikaita.

"Fundi mkuu, nasikia unafufua behewa. Mimi nina mbao za mabehewa yenyewe."

Maelezo yake yalinyooka kama reli. Mabehewa ya Mjerumani, ya njia hii hii iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, yalivunjwa zamani, mbao zikabaki kwenye godauni la marehemu babu yake. Akanitajia hata lile behewa lililoko makumbusho ya reli Nairobi, ambalo ndani yake simba alimuua Ryall, ofisa wa polisi wa reli, pale Kima mwaka 1900. Eti mbao zake ni za mzigo mmoja na wake. Hapo ningestuka, maana Kima ni reli ya Mwingereza na Mjerumani hakupeleka mbao kule. Sikustuka. Akanitumia na picha: behewa la mtiki mtupu lililopakwa vanishi, linawaka kama asali.

Kisha akaleta ubao mmoja wa mfano, nao ulikuwa mtiki kweli. Nilipiga randa mara mbili, ikatoka ile harufu ya ngozi ya viatu vipya, na ukipitisha kidole unahisi utelezi wa mafuta yake. Tukakubaliana shilingi 2,800,000, nusu kwanza kwa simu. Jina lililotokea lilikuwa la mwanamke. "Ni shemeji yako huyo, laini yangu imejaa." Nikatuma.

Mzigo ulifika saa mbili usiku, mvua inanyesha, dereva ana haraka. Nikamulika za juu kwa tochi ya simu nikaona mtiki, nikamalizia hela. Asubuhi nikazipanga ndani na kuzipiga namba kwenye kichwa cha kila ubao kwa patasi, zile namba za Kirumi, I mpaka XXXII, kwa sababu patasi inachora mistari iliyonyooka tu. Huo ni utaratibu wa mzee, anasema karakana kwao ndivyo walivyokuwa wakiweka alama za vipande. Namba hizo zikumbukeni.

Nilipiga mbao tisa upande mmoja wa behewa, nikapaka vanishi. Tano za kwanza zilikauka kama kioo. Nne zilizofuata ziligoma. Siku ya pili zinanata, siku ya nne zinanata, vanishi imejikusanya matone matone kama maji juu ya jani la mgomba. Mzee akaja na fimbo yake, akasogeza pua, akasema, "Fundi, hii mbao inanuka gereji."

Ni oili chafu. Jamaa anachukua mtiki mchanga, wa miti iliyovunwa kabla ya wakati, ambao sehemu kubwa ya ubao ni ule weupe wa nje na kiini ni kidogo. Anaupaka oili iliyomwagwa kutoka kwenye magari, pengine na masizi, mpaka weupe unakuwa kahawia. Juu yake haishiki gundi wala vanishi. Na zilikuwa mbichi: baada ya wiki tatu zile nne zilikuwa zimejikunja upana kama vigae vya paa, moja imeng'oa skrubu zake. Halafu ukaonekana unga sakafuni, laini kama wa ngano, chini ya vitundu vya ncha ya sindano. Bungua. Kiini cha mtiki bungua hakishughulikii, lakini weupe una wanga, ni chakula chake.

Nilimpigia. Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo ujanja wenyewe ulipo. Hakubisha hata kidogo. Aliomba radhi, akasema vijana wake walichanganya mzigo, atume guta lichukue mbovu alete nzuri kesho yake. Mimi nikaona mwungwana huyu. Guta likaja, nikapakia mwenyewe mbao 23. Tangu siku hiyo simu haipatikani. Amekula hela yangu na mzigo wake amerudishiwa, na bila shaka ndio huo anaotembeza sasa.

Nilibaki na zile nne za ukutani. Nikazing'oa nikazikagua kama ninavyopaswa kuzikagua kabla ya kulipa. Nikazikwangua kwa patasi: milimita mbili chini ya ngozi, nyeupe. Mgongoni, chini ya oili, kuna mikwaruzo ya chenso. Mbao za behewa zilipigwa mashine pande zote, huwezi kukuta jino la chenso. Misumari ya kutu ilikuwepo, na ndiyo iliyonidanganya mwanzoni, lakini ndani ya tundu mbao ni mpya na safi. Msumari uliokaa kwenye mtiki miaka mingi unaacha weusi kuuzunguka. Tena matundu yamekaa ovyo, wakati ubao wa behewa ulipigiliwa kwenye nguzo za fremu, kwa hiyo matundu yanafuata mstari, nafasi sawa kwa sawa. Ubao mmoja ulikuwa na skrubu ya kichwa cha nyota iliyopakwa kutu. Skrubu hizo zilianza kuenea miaka ya 1930, na Mjerumani alishaondoka Tanganyika tangu vita ya kwanza. Nikapima unene. Mjerumani alipima kwa milimita, Mwingereza kwa inchi. Hizi hazikumfuata yeyote, kila kona na unene wake.

Ubao wa zamani wa kweli huwa pia na rangi tabaka juu ya tabaka. Ukitaka kuzihesabu, lowesha kwanza ndipo ukwangue, usipige msasa mkavu. Rangi za zamani zilikuwa na risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto wanaocheza karibu na karakana.

Na ile picha? Nilimwonyesha mzee, akacheka mpaka akakaa. Mwisho wa behewa lile kuna vyuma viwili vya duara vya kugongana, kimoja kila pembe. Mabehewa yetu ya mita moja yanaungana kwa chuma kimoja cha katikati. Lile ni behewa la Uingereza, la kampuni ya reli ya LNER, ambayo kweli ilikuwa ikiacha mtiki wake na vanishi bila rangi. Jamaa aliliokota mtandaoni.

Nimeshafungua jalada polisi na RB, ile namba ya taarifa, ninayo. Jina lake siwezi kuliweka hapa, na hata alilonipa silifahamu kama ni lake. Ana sauti ya upole, anaita kila mtu fundi mkuu, na daima mzigo wake unafika usiku. Dalali aliyetuunganisha naye sasa anasema hamjui.

Ukiletewa mtiki wa mabehewa, angalia vichwa vya mbao kabla ya kitu kingine. Ukiona namba za patasi kati ya X na XXXII, ni zangu, ziache hapohapo unipigie au uite polisi. Akiwa amezikata ncha, utapewa futi 7 na inchi kadhaa badala ya 8. Muulize kwa nini. Na aliyekwisha kulizwa kama mimi, nenda ukafungue jalada lako pia, uwaambie kuna lingine Tanga la mbao za behewa ili yaunganishwe. Mpaka sasa niko peke yangu kwenye hilo faili, na behewa la mzee upande mmoja limefunikwa turubai.